Tazama Jani Lililoanza Kugeuka

Kabla sijagusa habari ya mbolea, naomba mniahidi kitu kimoja: mchungwa au mndimu wako ukigeuka manjano, usikimbilie dukani. Uendee, uinamie, utazame ni majani gani yaliyoanza: ya zamani huku ndani, au machanga kule nchani? Nimelisema hili mara nyingi na sitachoka, kwa sababu bado naona watu wakitibu mti ambao hawajautazama.

Jirani yangu huko Utawala, mtaa wa Nairobi, ana mndimu mmoja uani. Ulipoanza kufifia alitia CAN, mbolea ya naitrojeni. Ukafifia zaidi, akatia DAP, mbolea ya kupandia. Kisha kila jioni akawa anamwaga jivu la jiko shinani, na kuumwagilia maji ya kisima. Aliponiita nilichuma jani changa nikaliinua juani. Lilikuwa manjano karibu jeupe, mishipa yake ya kijani imejichora kama wavu mwembamba. Nikachuma jani la zamani kwenye tawi lilelile, nikakuta ni kijani kabisa.

Huo ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihami, ndiyo maana machipukizi huumia kwanza. Naitrojeni na magnesi huhama: mti ukipungukiwa huyanyang'anya majani ya zamani ili kulisha machanga, na manjano huanzia huko.

Sasa sikilizeni. Chuma kilikuwemo tele katika udongo ule mweusi unaopasuka kiangazi. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha kwenye mzizi. Michungwa hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua, kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita 7, chuma, zinki na manganizi hujifunga udongoni. Jivu huipandisha pH, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana magadi, nayo huipandisha vilevile. Mtu alikuwa anaufungia mti chakula kwa mikono yake, kwa upendo wote.

Najua kuna anayesema moyoni, mbona mama alitia jivu kule Murang'a na ndimu zikazaa? Mama hakukosea. Udongo wake ni mwekundu, wenye asidi, na jivu huupunguzia ukali. Wewe umehama na jivu lake, udongo wake ukauacha kule.

Tulilifagia lile jivu, tukaweka samadi iliyooza vizuri, tukaanza kumwagilia maji ya mvua aliyokinga kwenye tangi. Majani yaliyokwisha kufifia hayakurudi vizuri. Tulisubiri machipukizi yaliyofuata, na hayo yakatoka kijani.

Naona saa imenitupa mkono, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Magnesi: jani la zamani, manjano pembeni, na kabari ya kijani imebaki kwenye kitako cha jani. Jivu jingi huchangia hata hapo, kwa sababu potasiamu yake hushindana na magnesi. Zinki: majani machanga madogo, membamba, yamesongamana nchani, na manjano katikati ya mishipa. Nyunyizia zinki salfeti majani mapya yanapokaribia kukomaa, kwa kipimo cha kwenye pakiti. Na kabla ya kutia chochote, peleka udongo ukapimwe. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wako hapo Kabete, si mbali.

Lakini hili siliachi. Griningi, ule ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kidudu kifyonza utomvu, hufanana mno na njaa ya zinki, na hauna dawa ya kuuponya. Likunje jani kwenye mshipa wa kati. Mabaka ya upande huu yakilingana na ya upande ule, yaelekea ni njaa. Yasipolingana, upande mmoja una doa na mwingine hauna, shuku griningi, uite afisa wa kilimo, na usichukue kikonyo hata kimoja kwenye mti huo kwenda kubebeshea, yaani kukiunga kwenye mche mwingine.

Dada uliyekuja na majani kwenye mfuko, njoo nayo hapa mezani. Lile la nchani kwanza.