Kidonda Kilichozoeleka: Mabadiliko Yanayotangulia Saratani ya Seli za Skwamasi

Asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie vidonda, madoa na vinyama ambavyo leo si saratani, ila vikiachwa vinaweza kugeuka kuwa saratani ya seli za skwamasi. Hizi ni seli bapa zilizopangana tabaka juu ya tabaka kwenye ngozi, na pia ndani ya mdomo, kwenye umio, mlango wa kizazi na njia ya haja kubwa. Kokote zilipo, saratani hii inaweza kuzuka, na mara nyingi haizuki ghafla. Inatanguliwa na kitu ambacho mwenyewe anakiona na anaweza kukigusa. Hilo ndilo linalonikera: wagonjwa wengi wanafika wamechelewa, kwa ugonjwa uliokaa hadharani miaka na miaka.

Chukueni kovu la moto. Mtoto anaungua mguu, na kidonda hakipandikizwi ngozi, kinaachwa kijifunge chenyewe kwa miezi. Linabaki kovu jembamba, gumu, lisilo na vinyweleo, limepita juu ya goti. Kila akichuchumaa linavutika na kupasuka ufa mdogo. Ufa unafunga, kisha unapasuka tena. Akiwa mtu mzima, ufa mmoja unakataa kufunga. Anapaka dawa, anafunga kitambaa, anaendelea na shughuli zake, kwa sababu mguu huo umemsumbua tangu utotoni na hakuna jipya. Baada ya miezi michache kingo za kidonda zimenyanyuka na kupinduka nje, ngumu ukizibonyeza, na katikati pana nyama kama koliflawa inayotoa damu na harufu.

Hicho kinaitwa kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliyeeleza vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828. Cha ajabu, yeye hakusema kwamba ni saratani. Wengine waliomfuata ndio waliounganisha mambo. Toka kuungua hadi saratani hupita takriban miaka 30 kwa wastani, na aliyeungua akiwa mtu mzima huwa anasubiri muda mfupi zaidi kuliko aliyeungua utotoni. Si moto peke yake. Donda ndugu la mguuni, tundu la mfupa uliooza linalotoa usaha miaka nenda miaka rudi, kidonda cha mishipa ya damu iliyochoka, vyote vina njia hiyo hiyo.

Kwa nini? Kidonda kinapojaribu kujiziba, seli za ukingoni hugawanyika kwa kasi, na kila zikigawanyika hunakili vinasaba vyao. Unakili una makosa. Kikipona, kazi inaisha. Kisipopona, unakili hauna mwisho, katikati ya uvimbe na usaha, ndani ya kovu lenye damu kidogo ambamo askari wa kinga hawafiki vizuri.

Hili liliwahi kuonekana kwenye masikio ya sungura. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walitangaza kwamba wamepata saratani kwa kupaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, tena na tena, kwa miezi. Saratani haikuja kwanza. Zilitangulia chunjua. Baadaye Peyton Rous na wenzake, huko New York, waliona mambo mawili ambayo ningependa myashike. La kwanza, chunjua nyingi za lami zilinywea upakaji uliposimama. La pili, walipotoboa matundu kwenye masikio yaliyokwisha kupakwa lami, uvimbe ulichipuka pembezoni mwa matundu, pale pale jeraha lilipokuwa likipona. Lami ilikuwa imeharibu seli tayari, zikatulia; jeraha ndilo lililoziamsha. Ukielewa hayo mawili, umeelewa sehemu kubwa ya somo la leo.

Sasa, kati ya seli nzuri na saratani kuna hatua. Kwanza seli hupoteza mpangilio: viini vinakuwa vikubwa, vyeusi, havifanani. Mabadiliko hayo yakiwa tabaka la chini tu tunayaita madogo. Yakijaa unene wote ni saratani iliyokaa mahali pake, haijatoboa utando ulio chini ya seli. Hapo haiwezi kusambaa, maana mishipa ya damu na ya limfu iko ng'ambo ya utando. Ikishatoboa, mazungumzo yanabadilika.

Wangapi wanavuka hatua ya mwisho? Jibu bora tulilonalo limepatikana kwa njia ya aibu. Katika hospitali ya wanawake ya Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960, daktari mmoja hakuamini kwamba mabadiliko makubwa ya mlango wa kizazi hugeuka saratani. Akaacha kuwatibu baadhi ya wanawake, akawa anawafuatilia tu, wao wenyewe bila kuelezwa. Serikali ilifanya uchunguzi, ripoti ikatoka mwaka 1988. Kumbukumbu zao zilipohesabiwa upya na matokeo kuchapishwa mwaka 2008, kati ya wale waliokatwa kinyama tu, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, bila tiba, karibu 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Waliotibiwa ipasavyo hawakufika hata mmoja kwa 100. Nawaomba mnaofundisha wauguzi msitaje takwimu hizo bila kutaja zilivyopatikana.

Lakini angalieni pia upande wa pili: hata kwenye hatua hiyo mbaya, bila tiba, wengi hawakufika kwenye saratani katika miaka 30. Mabadiliko madogo ya mlango wa kizazi yanayoletwa na virusi vya papiloma, yaani HPV, kwa kawaida huondoka yenyewe. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana mabadiliko, si hukumu ya kifo. Ni taarifa kwamba ana muda, na muda huo utumike.

Upande wa jua nitapita haraka. Miaka ya kuchomwa na jua huacha vipele vyenye magamba makavu usoni, masikioni, kichwani palipo na upara na nyuma ya mikono. Ukipitisha kidole unavihisi kama msasa kabla jicho halijaviona. Kipele kimoja kugeuka saratani ndani ya mwaka mmoja ni nadra, chini ya kimoja kwa 100, na vingine hupotea. Tatizo ni kwamba mwenye kimoja kwa kawaida ana vingi, kwa miaka mingi. Kwa mtu mwenye ualbino hesabu hii haina huruma: magamba hayo huja akiwa kijana, na saratani inaweza kumpata katika umri ambao wenzake hawaijui. Vivyo hivyo aliyepandikizwa figo na kutumia dawa za kushusha kinga. Hao wawili hawaambiwi "tutaangalia mwakani".

Mdomoni nitakaa kidogo, maana huko ndiko tunakopuuza zaidi. Utando mweupe usiofutika kwa kitambaa, na usioelezeka kwa ugonjwa mwingine, unataka kuangaliwa. Ukiwa chini ya ulimi au ubavuni mwake, una hatari kuliko wa kwenye shavu. Na hapa watu hushangaa: utando mweupe kwa mtu asiyevuta wala kutafuna tumbaku unatisha zaidi, kwa sababu hauna kisingizio. Doa jekundu kama mahameli ni baya kuliko jeupe. Likikatwa kinyama, mara nyingi saratani au mabadiliko makubwa yamo tayari. Na yupo mtafunaji wa popoo ambaye mdomo unaanza kukaza, vidole vitatu vilivyopangwa wima haviingii tena kati ya meno. Huko kukakamaa kwa mashavu hakurudi nyuma kirahisi hata akiacha, na saratani huweza kuota juu yake. Hata hivyo, aache kutafuna.

Kuna pia laiken sklerosasi, inayofanya ngozi ya nje ya uke iwe nyeupe, nyembamba kama karatasi na kuwasha usiku kucha. Wanawake huona haya kuisema. Sehemu ndogo yao hupata saratani, na krimu kali ya steroidi ikitumiwa kwa mpango hupunguza hatari hiyo. Na kichocho cha mkojo: mayai ya minyoo yakikaa kwenye ukuta wa kibofu miaka mingi huugeuza utando wake, na saratani inayofuata mara nyingi ni ya skwamasi. Kidonda kisichopona, ila hiki kiko ndani.

Mmeniuliza kuhusu chunjua za vidoleni, mafuta yanayojikusanya chini ya ngozi na keloidi, yaani makovu yaliyovimba. Hivyo, kwa mtu mwenye kinga nzuri, visiwakoseshe usingizi. Baka jeusi linalobadilika ni jambo jingine: huko tunaogopa melanoma, saratani ya aina tofauti, na mwenye baka hilo haambiwi asubiri.

Swali la mwisho limetoka nyuma: je, ni kweli kidonda kikiguswa na kisu, saratani huamka? Najua linasemwa sana. Si kweli, na msichanganye na masikio ya sungura yaliyopakwa lami kwa miezi. Kinachotokea ni kwamba mtu anakatwa kinyama, anaogopa majibu, anapotea nusu mwaka. Akirudi uvimbe umeshakua, na lawama anapewa aliyemkata.

Cha kudai ni kwamba kikatwe vizuri. Kinyama kitoke ukingoni, pale palipo pagumu na pamenyanyuka, na kiingie chini ya kutosha. Katikati ya kidonda kikubwa mara nyingi kuna uozo tu. Kidonda kikiwa kipana, wachukue sehemu zaidi ya moja, kwa sababu upande mmoja unaweza kuwa salama na wa pili una saratani. Na karatasi ikirudi imeandikwa kwamba saratani haikuonekana, huku kidonda kinazidi kupanuka, kunuka, kuuma kuliko zamani, au tezi zimevimba kinenani au kwapani, rudi na karatasi yako uwaambie wakate tena.