Kabla Hujakata Tiketi: Mhadhara kwa Walimu Wanaotafuta Kazi ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Wahadhiri wangu, shikamooni. Walimu wenzangu wa mwaka wa mwisho, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata kazi ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Najua wengi mliomo humu mmeshayaona matangazo kwenye simu: Thailand, China, Vietnam, mshahara mnono, nyumba ya bure. Wako hata mliokwishatuma maombi. Basi nianze na jambo ambalo ajenti hatawaambia. Waajiri wengi wa Asia hutazama pasipoti yako kabla ya kusoma cheti chako.

Chukueni Korea Kusini. Kuna mpango wa serikali wa kuajiri walimu wa Kiingereza katika shule za umma, unaitwa EPIK, ulianza 1995. Wanaokubaliwa ni raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania aliyesomea ualimu miaka 3 na kufaulu vizuri hagusi mlango huo, ilhali Mmarekani aliyesomea masoko anaweza kupita baada ya kozi fupi ya ufundishaji. Linaniuma, na sitalipamba. Lakini ndiyo sheria yao, na ukiijua mapema hutampa pesa mtu anayedai atakupitishia.

China ni vivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Kanuni ya jumla ya kibali cha kazi inamtaka mwalimu wa Kiingereza atoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha mama, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka 2. Hapo ndipo mawakala wanapopenya. Wanakwambia uingie kwa viza ya biashara au ya masomo, ufundishe, mengine yatajipa. Msikubali. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Anayelala ndani ni mwalimu. Wakala aliyempeleka yuko kwake. Isitoshe, mwaka 2021 serikali ya China iliyabana mno masomo ya ziada ya watoto, na vituo vingi vya Kiingereza vikafungwa.

Thailand ndiko mlango uliko wazi zaidi kwetu. Shule za huko huajiri walimu kutoka Ufilipino, Kameruni, Uganda, Kenya. Wanataka shahada ya kwanza, hati ya tabia njema ya polisi, na kwa sisi tusiotoka nchi ambazo Kiingereza ni lugha mama, alama za mtihani wa Kiingereza. Kinachotajwa sana ni TOEIC, angalau 600 kati ya 990. Muhula wa kwanza huanza katikati ya Mei na wa pili karibu na Novemba, kwa hiyo shule husaka walimu Machi na Aprili, kisha Oktoba. Ukituma maombi Juni, umechelewa.

Sasa tuje kwenye usaili, maana hapa mwalimu aliyefundwa nyumbani anaweza kuwashinda wengi. Mara nyingi wataomba video fupi ukifundisha, au ufundishe mbele yao kwenye mtandao. Wengi wetu tunasimama, tunaandika ubaoni kichwa cha somo, tunatoa fasili ya kulinganisha sifa, tunatoa mifano mitano, kisha tunauliza, "Mmeelewa?" Darasa linaitikia, "Ndiyooo!" Msaili haoni kitu hapo. Mtoto wa Thailand hajui Kiswahili, na Kiingereza cha kumweleza kanuni ndicho hicho ambacho hana.

Fanya hivi. Shika embe mkono mmoja na ndimu mkono wa pili. Inua embe, useme polepole: "The mango is bigger than the lime." Rudia, waache waseme. Bado hujaandika neno ubaoni. Kisha weka embe chini, uchukue tikitimaji, unyamaze. Usiseme kitu. Subiri mpaka mtoto mmoja aijenge sentensi mwenyewe. Ule ukimya wa sekunde chache, mwalimu asiyekimbilia kujibu, ndio msaili anaoutafuta. Anayeweza kufanya hivyo mbele ya darasa la watoto 80 wa shule ya kata, kwa chaki na ubao tu, hatababaishwa na darasa la 40.

Kuhusu matamshi, msiige Kimarekani. Fanyeni kazi mahali panapotuponza: Kiswahili kina irabu 5 tu, kwa hiyo "ship" na "sheep" mdomoni mwetu huwa kitu kimoja. Jirekodi ukisoma orodha ya maneno ya namna hiyo, mpe mwenzako ayaandike anavyoyasikia, halafu mkague pamoja.

La mwisho ni zito. Mae Sot ni mji wa Thailand ulioko kando ya mto Moei. Ng'ambo ya mto ni Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya raia wake kurubuniwa kwa ajira za uongo nchini Thailand na kuishia kwenye makambi hayo ya Myanmar, wakifanyishwa kazi kwa vipigo. Ukipewa kazi, tafuta shule yenyewe kwenye ramani, piga simu ya ofisi yake, omba kuzungumza na mwalimu wa kigeni aliyepo. Dai barua za kuombea viza ya kazi, ile ya Non-Immigrant B, uombe viza hiyo kabla ya kukata tiketi. Shule ya kweli haitakuambia uvuke mpaka usiku, wala haitakunyang'anya pasipoti.

Na mkataba usomwe hadi ukurasa wa nyuma: nani analipia kibali cha kazi, likizo za shule zina mshahara au hazina, ukiacha kazi katikati unadaiwa nini. Aliye nao mkononi leo asiondoke. Tukimaliza maswali tutakaa hapa mbele tuusome pamoja.