Beka anasema betri yake nzima

ZUHURA: Haya karibuni tena, mimi Zuhura, na huyu mwenzangu leo kachelewa dakika 40, mimi sisemi kitu, aseme mwenyewe.

BEKA: Jamani samahani. Gari ilininunia asubuhi. Napiga stata inaenda nyaaa... nyaaa... nyaaa... kama mtu anayeamshwa usingizini hataki, mara ya tatu ndo ikashika.

ZUHURA: Basi mada imepatikana. Tulikuwa tuongelee matairi leo, matairi yatasubiri.

BEKA: Ngoja ngoja, kabla hujaanza kunisema, betri yangu nzima. Nimeipima. Si nilikwambia nimenunua mita ya kupima volti? Ile ya kidijitali, nzuri kweli, nimegusisha pale imesoma 12.5. Namba haidanganyi.

ZUHURA: Umepima saa ngapi?

BEKA: Nilivyofika hapa, nimezima gari tu nikafungua boneti.

ZUHURA: Ehee. Na umeendesha muda gani kuja huku?

BEKA: Kama nusu saa hivi, zaidi kidogo.

ZUHURA: Kaka, hapo ndo umejikamata mwenyewe. Gari ikiwa inatembea altaneta inasukuma umeme kwenye betri kama volti 13.8 mpaka 14.5 hivi, sasa ukizima tu zile volti hazishuki palepale, kuna chaji inabaki juujuu kwenye sahani za betri. Kwaiyo betri nzima iliyotoka barabarani ukiipima muda huohuo inatakiwa ikuonyeshe 12.7, 12.8, hata kuzidi, alafu itulie taratibu. Yako imeanza na 12.5, je ikitulia itakuwa ngapi?

BEKA: Mmh.

ZUHURA: Mmh ndiyo jibu.

BEKA: Sasa mtu apime saa ngapi?

ZUHURA: Vizuri zaidi gari ikiwa imelala usiku mzima, asubuhi kabla hujawasha kitu chochote. Kama huna subira, washa taa za mbele dakika mbili hivi injini ikiwa imezimwa, zima, iache itulie kidogo ndo upime. Hapo betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7, kwa sababu ndani kuna seli 6 na kila moja ikijaa inatoa volti 2.1 na ushee. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ikifika 12.0 imebaki kama robo tu. Ona hizo namba zilivyokaribiana, mtu anaona 12 anasema si imeandikwa betri ya volti 12, kumbe hapo inaombewa dua.

BEKA: (kicheko) Ila mbona kuna siku unaikuta 10.5, ushaona hiyo? Ya jirani yangu ilikuwa hivyo, unachaji unachaji, inagoma kupanda.

ZUHURA: Hiyo seli moja imekufa, toa 2.1 kwenye 12.6 unapata ngapi? Hiyo haina cha kuchajisha, nunua nyingine.

BEKA: Haya twende kwenye dalili basi, maana sio kila msikilizaji ana mita kama yangu.

ZUHURA: Ya kwanza umeshaisema mwenyewe, stata kuzunguka kwa uvivu. Na hii huwa haiji siku moja, inakuja kidogokidogo mpaka sikio linazoea. Mwaka jana ilikuwa inawaka kwa nusu sekunde, sasa hivi sekunde mbili, we unaona kawaida tu. Mgeni akiendesha gari yako ndo anakuuliza mbona hivi. Na taa, washa taa za mbele usiku alafu piga stata, kufifia kidogo ni kawaida, stata inakula umeme mwingi sana, ila zikifa kabisa kama mshumaa umepulizwa...

BEKA: Zangu sijaangalia. Alafu kuna ile tik tik tik tik.

ZUHURA: Hiyo tik za harakaharaka mara nyingi betri haina nguvu au vichwa vyake, pale waya zinapobanwa, havijashika vizuri. Ila ukisikia TAK moja tu kimya, na taa zinawaka vizuri bila kutetereka, usikimbilie betri, hapo mwangalie stata mwenyewe. Watu wengi wanapoteza hela hapo. Nyingine ni saa ya redio kujirudisha mwanzo kila asubuhi, vioo kupanda kwa kujivuta, na kwa wenye gari zile zinazojizima zenyewe kwenye foleni, ukiona imeacha kujizima usifurahi, mara nyingi ni gari yenyewe imeona betri haina uhakika wa kuiwasha tena.

BEKA: Yangu haina hayo mambo, yangu ya zamani.

ZUHURA: Na betri ina miaka mingapi?

BEKA: Miwili.

ZUHURA: Ulinunua wewe?

BEKA: Hapana nilinunua gari nayo. Lakini gari ninayo miaka miwili.

ZUHURA: Kwaiyo umri wa betri umeanza kuhesabiwa siku uliyokabidhiwa funguo?

BEKA: (kicheko) Basi bwana, basi.

ZUHURA: Betri nyingi zinaishi miaka 3 mpaka 5, na tarehe ya kutengenezwa ipo kwenye kibandiko au imegongwa kwenye plastiki, tafuta. Na watu wanadhani baridi ndo inaua betri. Baridi inakuja kukuumbua tu, kwasababu injini inakuwa nzito na betri yenyewe nguvu inapungua kwa muda. Aliyeiua ni joto, joto linakausha maji ndani na kuzila sahani, ukienda kwenye baridi ndo maiti inaonekana.

BEKA: Na kuiacha bila chaji je? Maana mimi niliwahi kuacha taa usiku mzima, mara mbili, sawa mara tatu.

ZUHURA: Mara tatu! Betri ya gari kazi yake ni kutoa moto mkubwa kwa sekunde chache alafu ijazwe tena, haikuumbwa kukaushwa mpaka chini. Ikikaa bila chaji ile salfeti, chumvi inayojitengeneza kwenye sahani betri ikiishiwa, inaganda inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hairudi yote. Kwaiyo unachajisha inajaa haraka, inasoma vizuri kabisa, kumbe imejaa kwasababu nafasi ni ndogo. Ni sawa na ndoo iliyojaa mchanga nusu, maji kidogo tu imefika juu.

BEKA: Hiyo nimeielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

ZUHURA: Sasa na upande wa pili niuseme maana mimi mwenyewe nilishaliwa hapo. Kuna wakati gari iligoma, fundi mmoja kaja hakushika mita wala nini, kapiga stata mara moja kasema betri imekufa mama. Nikanunua mpya. Wiki haikuisha ikazima barabarani usiku, taa kwanza zikawa njano alafu redio ikakata alafu injini ikafuata. Kumbe altaneta haichaji kabisa, ile betri mpya ilikuwa inaliwa tu mpaka ikaisha. Na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ilikuwa inawaka siku zote hizo, mimi nikijua inasema habari za betri.

BEKA: Si ina picha ya betri lakini!

ZUHURA: Ina picha ya betri ila inasema chaji haifiki. Inaweza kuwa altaneta, mkanda umelegea, waya. Kwaiyo washa gari upime, kama injini inazunguka na mita bado inasoma 12 na kitu, tatizo lipo kwenye kuchaji. Kwenye gari mpya altaneta inadhibitiwa na kompyuta, namba inaweza kucheza juu chini, hiyo isikutishe. Na chonde chonde, kuna wale wanaojaribu altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, umeme unaruka juu ghafla unaweza ukaunguza kompyuta ya gari. Usimruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari yako hata kama ana miaka 30 kwenye ufundi.

BEKA: Mjomba wangu anafanya hivyohivyo mpaka kesho.

ZUHURA: Msalimie.

BEKA: Vile vya kuona kwa macho je? Ule unga mweupe kwenye vichwa.

ZUHURA: Unga peke yake sio kifo, toa vichwa, kwanza hasi alafu chanya, safisha na maji yenye magadi soda, kausha, rudisha chanya kwanza hasi mwisho. Kuna gari nyingi "zimepona" hapo tu. Ila ikiwa imevimba tumbo, au inavuja, au inanuka yai viza, hapo hakuna kusafisha wala kubusti, yaani kuiwasha kwa waya kutoka betri ya gari nyingine. Zima gari, usiwashe sigara karibu, betri iondolewe. Na usiitupe jalalani, risasi ni sumu, wanaouza betri wengi wanapokea za zamani.

BEKA: Kubusti nilitaka kuuliza. Waya mweusi wa mwisho mimi naubana palepale kwenye hasi ya betri mbovu.

ZUHURA: Bana kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana cheche inaruka pale mwishoni na betri inaweza kuwa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Na ukishabusti ikawaka usijidanganye imepona, altaneta inajazilizia tu, betri iliyokauka inataka chaja yake masaa kadhaa. Ikichajiwa mpaka ikajaa, ikalala usiku, asubuhi imeshuka tena, na hakuna kitu kinachonyonya umeme gari ikiwa imezimwa, hapo ushapata jibu lako.

BEKA: Sasa dada, yangu 12.5, bado sijakubali.

ZUHURA: Twende nje basi. Tumekaa hapa karibu saa nzima. Kipimo kikubwa sio ikiwa imelala, ni ikiwa inabeba mzigo. Mimi nashika mita, wewe piga stata, kama hali ya hewa ni ya kawaida hivi haitakiwi kushuka chini ya 9.6.

(mlango unafunguka, sauti za nje)

ZUHURA: Umewasha taa? Dakika mbili... zima. Haya, ikiwa imetulia inasoma 12.2. Ilikuwa 12.5 eti.

BEKA: Nusu sio mbaya.

ZUHURA: Piga stata sasa.

(nyaaa... nyaaa...)

ZUHURA: 10... 9... 8.4! Acha, acha, inatosha. 8.4 kaka.

BEKA: Labda hiyo mita mbovu.

ZUHURA: Mita ni ya kwako.