Makala mpya za majarida ya sheria zikufuate wewe: Google Scholar na Zotero, hatua kwa hatua

Karibuni tena. Video hii ni ya wakili, mhadhiri au mwanafunzi wa sheria anayetaka kuiona makala wiki ileile inapotoka, asije akaikuta mwaka unaofuata kwenye tanbihi za mtu mwingine. Unahitaji akaunti ya Google na programu ya Zotero ya kutunza marejeo, ambayo ni ya bure. Kuisakinisha sionyeshi, ni kubofya tu. Ila kaa kwenye kompyuta, kazi hii kwenye simu itakuchosha.

Mfano wetu ni shauri la BBI (Building Bridges Initiative) la Kenya, lililohusu jaribio la kubadilisha katiba. Mahakama Kuu iliamua tarehe 13 Mei 2021, Mahakama ya Rufaa 20 Agosti mwaka huohuo, Mahakama ya Juu 31 Machi 2022. Nimelichagua kwa makusudi. Hukumu hutoka siku moja, makala juu yake huchukua miaka: mwandishi aandike, wahakiki wasome, arekebishe, asubiri toleo. Shauri la 2022 bado linaandikiwa.

Haya, fungua Google Scholar, ingia kwenye akaunti yako. Chini ya kisanduku cha kutafutia hakikisha umechagua Articles. Ile Case law ni hukumu za Marekani. Za kwetu zitafute kwenye tovuti za TanzLII (Tanzania), Kenya Law na ULII (Uganda).

Sasa maneno. Wengi huandika basic structure, yaani muundo wa msingi wa katiba, basi. Wanakemia nao wanasema basic structure, na wanafalsafa pia, kwa hiyo barua pepe yako itajaa mambo ya watu. Andika hivi: "basic structure" ndani ya alama za nukuu, kisha Kenya, kisha constitution. Nukuu zinayafunga maneno mawili yakae pamoja kwa mpangilio huo. Utafutaji wa pili: "Building Bridges Initiative" OR "v Ndii", Ndii akiwa mmoja wa wahusika wa shauri. Hiyo OR ni herufi kubwa zote mbili. Ukiandika kwa herufi ndogo inahesabiwa neno la kawaida, na matokeo yanaharibika bila kukuambia.

Kabla ya kuunda arifa, yaani barua pepe ya kukujulisha makala mpya, bofya Sort by date. Inakuletea zilizoongezwa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Soma vichwa kumi vya kwanza. Kama nusu havihusiani na sheria, rudi ukaze maneno. Dakika mbili hapa zinakuokoa barua nyingi zisizo na maana huko mbele.

Tukishuka safu ya kushoto, mwisho kabisa, kuna Create alert... Subirini. Haionekani. Dirisha nimelibana ili maandishi yawe makubwa kwenu, na likibanwa safu ya kushoto inajificha. Nalipanua. Ile pale, yenye alama ya bahasha. Bofya, hakiki anwani yako, thibitisha.

Arifa ninayoipenda kuliko zote ni hii nyingine. Tafuta makala moja nzito kuhusu mada yako, chini yake bofya Cited by, halafu kwenye ukurasa huo unda arifa palepale. Kuanzia hapo kila anayeinukuu unaletewa. Faida yake ni kwamba wasomi hawatumii maneno mamoja: huyu atasema basic structure, yule unamendability, mwingine eternity clause. Arifa ya maneno itawakosa wawili. Arifa ya nukuu itawakamata wote watatu, mradi wameinukuu makala ile. Kumfuata mwandishi ni rahisi: fungua wasifu wake, Follow, chagua New articles, tumemaliza.

Twende kwenye majarida yenyewe. Scholar haifiki kila mahali kwa wakati, hasa majarida ya vyuo vyetu, kwa hiyo tunachukua mlisho wa RSS, yaani orodha ya makala mpya inayojisasisha yenyewe, kutoka kwenye jarida. Majarida mengi ya Afrika yanaendeshwa kwa programu ya Open Journal Systems. Utalitambua kwa anwani yenye index.php ikifuatiwa na kifupi cha jarida. Tazama pembeni ya ukurasa kama kuna vitufe vya Atom na RSS. Havipo? Nakili anwani ya jarida hadi kwenye kile kifupi, kisha ongeza: /gateway/plugin/WebFeedGatewayPlugin/rss2. W, F, G na P ni herufi kubwa. Ikikataa, angalia herufi hizo kwanza. Ikikataa tena, msimamizi wa jarida hajawasha mlisho. Jisajili kama msomaji upate taarifa kwa barua pepe.

Nakili anwani hiyo, nenda Zotero: File, New Feed, From URL. Bandika. Jina linajijaza lenyewe.

SIMAMA HAPO. Usibofye Save bado. Fungua Advanced Options. Kuna namba tatu. Ya kwanza ni kila baada ya saa ngapi mlisho ukaguliwe. Iko 1, nami naweka 24, maana jarida la sheria si taarifa ya habari. Ya pili ndiyo hatari: makala uliyoisoma inafutwa baada ya siku 3. Ya tatu: usiyoisoma inafutwa baada ya siku 30. Na kwa Zotero, "kusoma" si kusoma unakokujua wewe. Ukipita tu juu ya kichwa cha makala kwa vishale, ukatulia kidogo, kimehesabiwa kimesomwa. Siku 3 zinaanza. Umeangalia Ijumaa, ukasema nitarudi Jumatano, Jumatano huenda hukuti kitu na hukumbuki hata jina la mwandishi.

Kwa hiyo mambo mawili. Badilisha 3 iwe 30, na 30 iwe 180. Kisha, hata ukishabadilisha, makala unayoitaka bofya Add to My Library saa hiyohiyo. Mlisho si maktaba! Kilichomo kwenye mlisho kinapita. Kilichomo kwenye My Library kinakaa. Sasa ndiyo Save.

Jambo jingine: milisho mingi hubeba toleo la sasa tu. Usipofungua Zotero kwa miezi na matoleo mawili yakatoka, la kwanza huenda usilione. Ifungue walau mara moja kwa wiki. Jarida la Potchefstroom, PER, halingoji toleo. Makala ikiwa tayari inapandishwa. African Human Rights Law Journal hutoka mara mbili kwa mwaka, hilo linakwenda kwa utulivu zaidi.

Sasa tarehe. Jarida likichelewa, juzuu ya 2022 inaweza kupandishwa mtandaoni 2024. Ukichuja kwa mwaka wa 2024 peke yake, umeikosa. Upande wa pili, Scholar ikigundua makala ya zamani leo, inakutumia kama mpya. Fungua ukurasa wa makala, tafuta tarehe ya kuchapishwa mtandaoni, ndiyo ya kufuata. Cambridge huziita FirstView zile zilizotoka kabla ya toleo: zina DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni) lakini hazina kurasa za kudumu. Ukizinukuu, tumia DOI, na kabla ya kuwasilisha kazi yako rudi uone kama zimepewa juzuu na kurasa. Rasimu za SSRN, hazina ya mtandaoni ya rasimu za wasomi, nazo zisome mapema kadiri unavyotaka, ila linganisha na toleo la mwisho kabla ya kunukuu. Wahakiki hubadilisha hoja, si nukta tu.

Ukikuta mlango umefungwa na wanataka dola, usilipe haraka. Kwenye Scholar bofya All versions, tazama kulia kama kuna PDF. Pasipo hapo, muulize mkutubi wako kuhusu GOALI, mpango wa Research4Life ulioanza 2018 chini ya Shirika la Kazi Duniani, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya sheria bure au kwa bei ndogo. Anayejisajili ni taasisi, si mtu mmoja, kwa hiyo chuo kama hakijajisajili, mwandikieni mkutubi barua.

Mwisho, Gmail. Arifa za Scholar huweza kuangukia Promotions au Spam. Fungua moja, vitone vitatu, Filter messages like these, Create filter, weka lebo, na tia alama Never send it to Spam. Na Zotero, ile namba ya 3, nenda ukaikague sasa hivi kwenye milisho uliyokuwa nayo tangu zamani: bofya kulia kwenye jina la mlisho, Edit Feed, mmoja baada ya mwingine.