Kinu cha Peirce: maji, mawe na watu

Ndugu zangu, nikisema kinu, wekeni kando kwanza kile cha bibi na mchi wake. Kinu cha Peirce ni jengo zima la mawe, kando ya kijito cha Rock Creek, ndani ya hifadhi ya umma jijini Washington, Marekani. Juu ukutani kuna jiwe lililochongwa herufi B.I.P. na mwaka 1829. Mwenyewe alikuwa Isaac Peirce.

Kazi ilikwenda hivi. Maji ya kijito yanaingizwa mferejini, yanasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha meno, meno yanazungusha jiwe. Mawe ni mawili: la chini limetulia tuli, la juu ndilo linalozunguka. Nayo hayatakiwi kugusana, yakigusana, yanalika. Humo ulitumika mtambo wa Oliver Evans, yule fundi wa mkanda wa vindoo. Vindoo vinapandisha nafaka hadi juu, kisha inashuka yenyewe kwa uzito wake. Hakuna wa kupanda ngazi na gunia begani.

Basi husemwa kazi yote ilifanywa na maji. Hapo mimi huguna. Ukoo ule ulikuwa na watumwa. Na watumwa wa mji ule walipoachwa huru, tarehe 16 Aprili 1862, fidia alipewa bwana: hadi dola 300 kwa kichwa. Pierce Shoemaker, aliyerithi kinu, naye alipeleka madai yake. Jina la mwenye mali limo jiweni. La aliyechimba mfereji mlitafute wenyewe.

Serikali ilikichukua kinu mwaka 1892, hifadhi ikiwa changa. Mwaka 1897 shafti, ule mhimili unaozungusha mtambo, ikakatika katikati ya kusaga, biashara ikaishia hapo. Baadaye, msicheke, kikageuzwa mkahawa wa chai! Miaka ya 1930 kikakarabatiwa, kikasaga unga wa kantini za serikali hadi 1958. Baadaye kikarudi kusaga, ila mwaka 1993 mtambo ukagoma tena, na wapenzi wake wakahangaika kuchangisha mpaka kikafunguliwa upya 2011.

Swali la mama pale nyuma: unga wa jiwe ukoje? Ukitoka tu, mama, ushike. Una joto, kama ule wa mashine ya mtaani kwetu, ukitia mkono mfukoni kabla hujafunga kamba.