Nipe Mji: Kujaza Mafumbo ya Maneno Gazetini na Simuni

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeambiwa kuna ubishi umezuka hapa maktabani kuhusu mafumbo ya maneno, yale ya kujaza herufi kwenye visanduku, mlalo na wima. Wapo wanaosema anayejazia kwenye simu hajazi, anacheza tu. Wapo wanaosema wenye magazeti na penseli wamepitwa na wakati. Natoa hukumu yangu mapema, ili mwenye haraka awahi chai: simu haina kosa. Mwenye kosa ni kile kitufe cha kukagua jibu, kinachokuambia papo hapo kama herufi uliyoandika ndiyo au siyo.

Sote hapa tumelelewa na vitendawili. Mtegaji akisema "Kitendawili!", mkaitikia "Tega!", akatega na mkashindwa, alikuwa hawapi jibu hivi hivi. Alidai, "Nipeni mji." Mkampa Tabora, akaukataa. Mkampa Bagamoyo, akaenda, akala, akanywa, akajisifu wee, ndipo akawafungulia fumbo. Jibu lilikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa aibu kidogo mbele za watu. Gazeti nalo lina bei yake: majibu hutoka toleo linalofuata, kwa hiyo unalala na kiu. Kwenye simu unagusa mara moja, jibu hili hapa, na hakuna aliyekuona. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuizungumze. Mengine, mwanga wa kioo, harufu ya karatasi, hayo niachieni nisiyaguse.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi gazeti la New York World, alichapa fumbo lake la kwanza tarehe 21 Desemba 1913, lenye umbo la almasi na uwazi katikati. Mwaka 1924 kampuni ya Simon & Schuster ikatoa kitabu cha mafumbo hayo, na kila nakala ikaambatana na penseli. Naona walijua wanachouza. Aliyekwisha kulijaza fumbo kwa wino anajua kwa nini.

Sasa tuchukue mfano, maana bila mfano tutabishana hewani. Kidokezo cha mlalo: "Hukuna nazi." Herufi 5. Kijana wangu hapa mbele ananong'ona "kibao". Inatosha, k-i-b-a-o. Anaijaza kwa kujiamini kabisa. Herufi ya tatu ni B, na hapo linaanza neno la wima, kidokezo chake: "Hunywewa kabla ya kwenda kazini." Herufi 3, inaanza na B. (Kicheko.) Naam, mmeshaifikia. Anaandika "bia", anashangaa mtunzi ni mtu wa namna gani, lakini inaingia! Kosa la kwanza limepata shahidi. Sasa A ya "bia" inakwenda kuharibu neno la mstari wa tatu, na kona nzima inaoza taratibu.

Jibu lilikuwa "mbuzi". Ni yule mbuzi wa jikoni, na neno la wima ni "uji".

Karatasini, kijana huyu atakwama kwenye mstari wa tatu, atapandisha macho, na atalazimika kujiuliza ni lipi kati ya yale aliyokuwa na hakika nayo lililo la uongo. Huo ndio ustadi wa mchezo huu. Kujua maneno mengi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kulitilia shaka neno ambalo umeshaliandika na unalipenda. Kwenye simu, kama kitufe cha kukagua kimewashwa, K ingegeuka nyekundu papo hapo. Angeifuta. Hasingizii mtu, hajiulizi kitu, hamtambui mbuzi wala haoni mtego ulikuwa wapi. Ameambiwa tu kwamba si K.

Na kwa Kiswahili hali ni mbaya zaidi kuliko kwa Kiingereza. Maneno yetu, ukitoa machache ya kukopa, huishia kwa irabu. Maana yake kisanduku cha mwisho cha karibu kila neno kina majibu matano tu. Mwenye kitufe anapapasa a, e, i, o, u hadi rangi ikubali. Mwanzo wa neno nao haujifichi. Kidokezo kikisema "Vinakaliwa", umeshapewa V, na mara nyingi I pia, bila jasho, kwa sababu ya upatanisho. Ndiyo maana watunzi wazuri wa Kiswahili hukimbilia "hu-" ya mazoea: "Hukuna nazi", "Hunywewa", "Hukaliwa". Ile "hu-" haisemi ni ngeli gani, na kwa hiyo haitoi siri. Mtunzi amehangaika kuificha herufi ya kwanza, halafu programu inaitoa bure. Mimi ningekuwa mtunzi ningekasirika.

Tazameni wanaouchukua mchezo huu kwa uzito wanavyofanya. Mwaka 1942, Daily Telegraph la London liliwaalika watu ofisini wajaribu kumaliza fumbo chini ya dakika 12, na baadhi yao baadaye waliitwa na serikali kwenda Bletchley Park, kulikokuwa kunavunjwa siri za Wajerumani. Kule Marekani, mashindano aliyoyaanzisha mhariri wa mafumbo Will Shortz mjini Stamford mwaka 1978 ni ya karatasi na penseli. Ukimaliza unainua mkono, karatasi inachukuliwa, makosa yanahesabiwa ukiwa umeshaondoka. Mwaka 2021, kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, yalifanyika mtandaoni, na aliyepata alama nyingi kuliko wote alikuwa programu iitwayo Dr.Fill. Programu hiyo hiyo mwaka 2012 ilikuwa ya 141. Sitaki mnielewe vibaya, mashine imejifunza kujaza vizuri sana, haihitaji huruma yetu.

Wazee, hapa nazungumza nanyi. Nimesikia mkiambiwa kwamba kumbukumbu hutunzwa na fumbo la gazeti tu. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya Columbia na Duke walitoa matokeo ya uchunguzi kwa watu 107 waliokwisha kuanza kusahau kidogo, kwa muda wa wiki 78. Waliojaza mafumbo ya maneno walifanya vizuri kuliko waliocheza michezo mingine ya kompyuta. Lakini mafumbo hayo yenyewe yalijazwa kwenye kompyuta! Kwa hiyo mwenye macho mazito na akuze herufi kwenye kioo bila kumwomba mtu radhi. Azime ukaguzi tu. Kwenye programu nyingi unazimika.

Kuna jambo moja ambalo karatasi inalishinda simu mchana kweupe, nalo ni kuona. Kwenye simu kidokezo huja kimoja kimoja. Kwenye gazeti unaviona vyote, jicho linatangatanga, na watu watatu wanaweza kuinamia ukurasa mmoja, mmoja anajua samaki, mwingine siasa, wa tatu anashika penseli na kugomea majibu ya wenzake.

Namalizia na ng', maana ndiyo iliyoleta ugomvi kwenye shindano lililopita. "Ng'ombe" ni visanduku vingapi? Programu nyingi zinapokea herufi moja kwa kisanduku, na kile king'ong'o hazikitambui, kwa hiyo mtunzi wa mtandaoni anaandika n-g-o-m-b-e, na hapo "ng'oa" jino na "ngoa" ya wivu vinakuwa kitu kimoja. Programu ya New York Times ina kitufe cha kuingiza herufi kadhaa kwenye kisanduku kimoja, na waliowekewa walikuwa Waingereza na Wamarekani ambao hawana ng'. Nyinyi mnaosomea kompyuta, hiyo kazi inawangoja. Karatasi haikatai: unaandika ng' yote ndani ya kisanduku, unasonga mbele.

Kwa fumbo tutakalogawa sasa hivi, ng' ni kisanduku kimoja, na "ng'ombe" ni vitano. Ch, sh na ny zinagawanywa, kila herufi na chake. Penseli ziko kwenye kopo pale mlangoni, vifutio vichache, mtaazimana. Simu mnaruhusiwa kuwa nazo mfukoni. Atakayekwama akataka jibu kwangu, aje, lakini aje na mji.