Umeme Haukosi Mteja, Mgao Hukosekana: Mhadhara kuhusu Hisa za Kampuni za Umeme

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wa vyama vya akiba mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii ya Jumamosi, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya hisa za kampuni za umeme, kwa sababu wengi wenu mmeambiwa kwamba hizo ndizo hisa za mstaafu: watu hawaachi kuwasha taa, kwa hiyo kampuni haikosi mapato, na mgao wa faida huingia kila mwaka kama kodi ya nyumba. Kwamba watu hawaachi kuwasha taa, sina ubishi nalo. Hilo la kodi ya nyumba ndilo lililonileta hapa.

Nianze na ami yangu, ambaye mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa Wakenya waliopanga foleni kununua hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Serikali ilikuwa ikiuza asilimia 30 ya kampuni hiyo, kila hisa kwa shilingi 11.90, na maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara tatu, hata watu wakarudishiwa sehemu ya fedha zao. Yeye alibaki na hisa 1,000 baada ya kuongeza nyingine chache kwa bei ileile kutoka kwa jirani aliyejuta mapema, kwa hiyo tuseme alitoa shilingi 11,900. Muda si mrefu bei sokoni ilipanda zaidi ya maradufu. Ami hakuuza. Alisema hakununua ili auze, alinunua ili alishwe.

Miaka kumi baadaye ikaja barua. KenGen ilikuwa imejenga sana, hasa kule Olkaria karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini huzungusha mitambo, na ujenzi wa namna hiyo hula fedha miaka mingi kabla haujatoa hata senti. Kampuni ikawapa wanahisa haki ya kununua hisa mpya mbili kwa kila hisa moja waliyokuwa nayo, kwa shilingi 6.55. Maana yake ami alitakiwa atoe shilingi 13,100, yaani zaidi ya alizotoa mwanzo, ili tu abaki na fungu lake lilelile ndani ya kampuni. Alisoma barua mara moja, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya redio, nayo ikakaa hapo hadi siku za haki zikapita. Angeweza hata kuziuza haki zenyewe sokoni, lakini hakuna aliyemweleza, na mimi niliyekuwa na jukumu la kumweleza nilikuwa nikidhani amekwisha lipa. Fungu lake likapungua likawa kama theluthi ya lilivyokuwa.

Sasa tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu ndiyo mwamuzi hapa. Kwa mwaka wa fedha wa 2022 KenGen ililipa senti 20 kwa hisa, mwaka 2023 senti 30, mwaka 2024 senti 65, na mwaka 2025 senti 90. Kwa hisa zake 1,000 huo wa 2025 ni shilingi 900, na baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, mkononi zinabaki 855. Ukizigawa kwa zile 11,900, ni kama asilimia 7 kwa mwaka, nazo zimefika hapo baada ya kungoja miaka 19, katika shilingi ambayo hainunui tena unga uleule. Lakini mtu aliyenunua hisa hiyohiyo kwa, tuseme, shilingi 2.50 wakati kila mtu ameikatia tamaa, mgao wa senti 65 peke yake ulimrudishia asilimia 26 kabla ya kodi. Kampuni ni ile ile na mitambo ni ile ile. Bei uliyoingilia ndiyo iliyomfanya mmoja ale na mwingine aramberambe vidole.

Naomba mniruhusu nikae kidogo zaidi kwenye swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko hayo yote: bei ya umeme hupangwa na nani? Muuza samaki wa Kongowea akiona mafuta ya boti yamepanda, hupandisha bei ya nguru siku hiyohiyo. Kampuni ya umeme haina ruhusa hiyo. KenGen huuza karibu umeme wake wote kwa mnunuzi mmoja, Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme majumbani, kwa mikataba ya muda mrefu, na Kenya Power nayo hutuuzia sisi kwa bei zinazoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Juu ya yote, serikali ndiyo mwanahisa mkubwa: ina asilimia 70 ya KenGen na asilimia 50.1 ya Kenya Power. Mwenzako katika kampuni anapohitaji kura za mwenye mita, nawe unahitaji mgao, si vigumu kukisia nani atasubiri.

Tuliliona hilo Januari 2022, bei ya umeme iliposhushwa kwa asilimia 15 kwa uamuzi wa serikali. Mimi kama mteja nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kama mwanahisa nilijua kitakachofuata. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 Kenya Power ilipata hasara ya shilingi bilioni 3.19, na hapo pakawa na mkono mwingine, ule wa madeni ya fedha za kigeni. Kampuni hukusanya shilingi kutoka kwetu, lakini sehemu kubwa ya mikopo yake na ya malipo kwa wazalishaji wa umeme huhesabiwa kwa dola na yuro. Shilingi ilipozidi kudhoofika, hata baadaye dola moja ikakaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, deni lilinenepa bila kampuni kukopa hata senti.

Kisha mambo yakageuka, tena kwa sababu zilezile mbili. Bei mpya za umeme zilianza Aprili 2023, na shilingi ikaimarika mwaka 2024 hadi kuzunguka 129 kwa dola. Kenya Power ikatangaza faida ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka wa fedha wa 2024, ikalipa mgao wa senti 70 baada ya wanahisa wa kawaida kukaa miaka saba bila kitu, na mwaka uliofuata ikalipa shilingi 1. Hisa iliyokuwa ikiuzwa chini ya shilingi 2 mwanzoni mwa 2024 ikawa inazungumzwa kila kibaraza. Sisemi menejimenti haikufanya kazi. Nasema mtu aliyesoma tangazo la bei za Aprili 2023 alikuwa amesoma habari ya mgao zaidi ya mwaka mmoja kabla haujatangazwa.

Wapo watakaosema, basi twende kwa jirani. Uganda kulikuwa na Umeme, kampuni iliyosambaza umeme kwa mkataba wa miaka 20 ulioanza Machi 2005, ikaingia sokoni Kampala mwaka 2012 na baadaye Nairobi pia. Leseni yake iliitambulia faida ya asilimia 20 kwa mwaka, kwa dola, juu ya mtaji iliouwekeza, na mgao wake ulikuwa wa kupendeza. Lakini mkataba una mwisho, na huo uliisha 31 Machi 2025. Serikali ya Uganda ililipa dola milioni 118 kama fidia ya mtaji uliobaki, kampuni ikadai zaidi, na shauri likapelekwa kwenye usuluhishi London. Katika kampuni ya namna hiyo sehemu ya mgao unaokula si faida, ni mtaji wako mwenyewe unaorudishwa kidogokidogo, na asiyelijua hilo huja kushangaa mwishoni akiona ng'ombe amekwisha na yeye alidhani anakunywa maziwa tu.

Kwa ndugu zetu waliovuka kutoka Tanga, neno moja. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, haimo katika soko la hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo hisa za umeme za kununua huko hamna. Lakini mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hati fungani ya kijani, yaani ilikopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira, mwaka 2024, shilingi za Tanzania bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Hiyo ni riba iliyoandikwa, si mgao unaosubiri bodi ikutane. Na hapa Kenya, Februari 2024, serikali iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Mtu yeyote anayekushauri ununue hisa ya umeme kwa ajili ya mgao hana budi kukueleza kwa nini uiache hati kama hiyo, na jibu zuri lipo: riba haikui, mgao unaweza kukua kutoka senti 20 hadi 90. Nusu ya akiba yangu imo upande huu, nusu upande ule.

Ninapofungua ripoti ya mwaka ya kampuni hizi sianzi na picha za wakurugenzi. Natafuta jedwali la mikopo nione ni kiasi gani ni cha dola, yuro na yeni, kisha nauliza bei zilizoidhinishwa zinafika mwaka gani; zile za Aprili 2023 ziliwekwa hadi 2026. Halafu natazama daftari la wanahisa linafungwa lini, kwa sababu asiyekuwamo humo siku hiyo hapati mgao, na bei kwa kawaida hushuka mara tu hisa inapoanza kuuzwa bila mgao huo. Ami bado ana hisa zake 1,000. Mwaka huu ile barua nimeitoa chini ya redio, nikaileta. Iko hapa mezani, atakaye aje aione mikunjo. Sasa nipokee maswali, nikianza na mzee mwenye kofia kule nyuma, ambaye ameinua mkono tangu nilipoitaja Kampala.